Mama Hakuwa Likombe

Likombe,
S.L.P. 86,
Mtwara.

26 Mei, 1974

Mpendwa mdogo wangu Bwanaheri,

Assalaam alaikum. Hali yako, na hali ya wifi yangu na watoto? Natumaini mmeizoea kidogo baridi ya Mbeya, na lile sweta nililompa dereva wa lori limekufikia. Sisi huku ni wazima wa mwili. Issa mume wangu kikohozi kimemwachia, ameanza tena kwenda bandarini. Mihogo imekubali, ila mvua za mwaka huu zilikuwa nyingi mno, zimebomoa vyoo vya watu na kukata njia.

Nakuambia mapema kwamba hakufa mtu, maana nakujua, utaruka mistari kutafuta jina la maiti. Hakufa mtu. Lakini yaliyotupata mwezi huu mpaka leo sijayaamini. Soma polepole, na wifi awe karibu nawe.

Unalikumbuka tuta la reli. Ulipoondoka, vyuma vilikuwa vimeshang'olewa, ila njia yenyewe ilibaki, na sasa ndiyo barabara yetu sisi wenye miguu na baiskeli. Linaanzia bandarini, linapita nyuma yetu hapa Likombe, linashuka Mikindani kando ya maji, kisha linakizunguka kilima taratibu, maana treni haikuweza kupanda kama mbuzi. Ukishatoka pale walipokata kilima, unaingia kwenye mikorosho mpaka kitongoji chetu cha Nambunda, halafu Mpapura na kuendelea bara. Mataruma yote yamechukuliwa na watu, mengine ni vizingiti vya milango. Kile kituo kidogo cha Nambunda hakina bati hata moja. Lakini mtu akitoka shamba na gunia juu ya baiskeli hapiti kwingine, kwa kuwa tuta halina mlima.

Mvua za Machi zililikata tuta pale Nambunda, kwenye karavati. Kijiji kikakubaliana kujaza pengo kwa majembe, kila nyumba itoe mtu mmoja. Udongo wakawa wanauchota ubavuni mwa tuta lenyewe, upande wa juu.

Jumatatu ya tarehe sita nilikuwa uani napepeta mchele. Akaingia Rashidi Saidi na baiskeli, amejaa udongo mwekundu mpaka kwenye nyusi. Unamjua Rashidi, fundi majembe wa Nambunda, ndiye anayetuangalizia mikorosho ya marehemu Baba. Hakunisalimu. Alisimama ameshika usukani, akasema:

"Dada Mwaisha, njoo Nambunda. Tumemwona mama yako."

Ungo ulinitoka mkononi. Nilidhani mtu kapatwa na wazimu. Mama yetu alifariki mwaka arobaini na tatu, wewe ukiwa na miaka mitatu, mimi saba. Alikufa akijifungua, akazikwa na kichanga chake huko Nambunda. Na reli ilipokuja mwaka hamsini na moja, makaburi yale yakawa njiani, ndugu wakaambiwa wahamishe watu wao. Baba alikuwa Lindi kwenye katani, kwa hiyo Baba Mdogo Abdulrahmani ndiye aliyekwenda, akamleta Mama hapa Likombe. Kaburi lake unalijua, ulikuwa ukilimwagia maji. Bibi Hadija alikuwa akilizuru kila Ijumaa, na alipokaribia kufa aliomba azikwe ubavuni mwa binti yake, tukamzika hapo.

Nikamwambia Rashidi, "Mama yangu yuko hapa, mwendo wa dakika kumi."

Akasema, "Dada, tumekuta mtu na mtoto mchanga kifuani. Na juu yao kuna mlango wa jikoni, na bawaba zake. Wazee wameutambua, ni wa kwenu."

Bwanaheri, wewe hukumbuki, lakini mimi nakumbuka. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, mbao za kufunikia mwanandani hazikupatikana, na Baba akaung'oa mlango wa jikoni kwa shoka. Wiki nzima mbuzi wa jirani walikuwa wakiingia jikoni kula maganda ya mihogo, na hakuna aliyewafukuza. Mtoto hukumbuka mambo kama hayo.

Kesho yake alfajiri Issa alinipakia kwenye baiskeli tukaenda. Tulipofika, watu walikuwa wameacha kazi, wamekaa mbali kidogo. Rashidi alikuwa amewakataza wasiguse kitu. Alikuwa amevua msuli wake mwenyewe akawafunika, juu akaweka matawi ya mkorosho. Aliuinua ncha moja ili nione. Niliona bawaba, mdogo wangu, chuma chekundu cha kutu. Na mifupa miwili midogo kama ya kifaranga, imelala pale mkono wa mama ulipokuwa.

Nililia mpaka sauti ikakauka. Na katika kulia kwangu kulikuwa na swali lililonichoma. Treni zilipita juu ya Mama miaka yote ile. Mimi mwenyewe nilisafiri nayo mara mbili, nikila karanga dirishani. Na kama Mama yuko hapa, je, kule Likombe tumemzika nani?

Tulilala Nambunda, Jumatano tukarudi. Baba Mdogo unajua anaishi kwetu tangu miguu ilipomvimba. Nilimkuta barazani anasuka ukindu. Sikupumzika, sikunywa hata maji.

Nikamwuliza, "Baba Mdogo, yule tuliyemzika pale ni nani?"

Hakuniuliza pale wapi. Aliuweka chini ukindu wake. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Umeuona mlango?"

Hapo nikajua kwamba alikuwa anajua. Nakuambia, hata ningepigwa kofi nisingeshtuka vile.

Alinieleza yote, na mimi nakuandikia kama alivyosema. Walipewa siku tatu za kuhamisha. Alipofika siku ya pili, tingatinga lilikuwa limeshapita upande wa juu, mawe ya alama yote yamesukumwa, ardhi imechafuka, na wenye kazi wanampigia kelele afanye haraka. Akakisia. Akachimba, akakuta mtu. Mbao zilikuwa za mwembe, hazikuwa mlango. Mtoto hakumwona.

"Nikajisemea mifupa ya kichanga imeyeyuka," alisema. "Na ule mlango nikajisemea umeoza. Lakini nilijua, mwanangu. Mlango nilisaidia kuubeba mimi mwenyewe."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Bibi yako alikuwa amekaa njiani tangu asubuhi na chupa ya marashi. Aliponiona akauliza, umekuja naye? Nikasema, nimekuja naye. Nilisema hivyo kumtuliza kwanza, nikidhani nitapata nafasi ya kumweleza. Nafasi haikutokea tena."

Ningeweza kumwelewa kama ingeishia hapo, Bwanaheri. Bibi alikuwa mtu wa kuvunjika. Lakini haikuishia hapo. Nilimwuliza kama aliwahi kumjua mwenye mifupa. Akaanza kulia, yule mzee ambaye sijawahi kumwona akilia hata tulipomzika kaka yake.

Alikuwa Saidi. Baba yake Rashidi.

Unamkumbuka yule mama anayeuza mihogo ya kuchemsha Mikindani, pale tuta linapogusa barabara? Bi Mwajuma. Tulipokuwa vijana tuliambiwa tusile chakula chake, ni mchawi. Ndiye mke wa Saidi, mama yake Rashidi. Siku moja baada ya Baba Mdogo kuondoka na mifupa, yeye alikwenda na shemeji zake kumwinua mumewe, wakakuta shimo lililofukuliwa, limefukiwa ovyo, na ndani hamna mtu. Mashemeji wakasema yeye ndiye aliyemtoa Saidi akamfanye msukule. Vyungu vyake vikatupwa nje siku hiyohiyo. Rashidi, mtoto wa miaka kumi, akanyang'anywa akalelewa na shangazi zake, akikatazwa hata kumtaja mama yake. Alipokuwa mtu mzima ndipo akaanza kumpelekea unga. Mama mwenyewe hakuruhusiwa kukanyaga Nambunda tena.

Baba Mdogo aliyasikia haya kabla ya wiki kwisha. Akanyamaza miaka ishirini na mitatu.

Na mimi je? Kila nilipokwenda shambani nilimpita yule mama. Hata siku niliyokuwa na njaa ya kuanguka sikununua kwake. Niliwafundisha wanangu wasinunue.

Baba Mdogo alinishika upindo wa kanga. "Nisitiri, Mwaisha. Mama yako tumeshampata, tumrudishie heshima yake, hayo mengine tuyaache. Nimebakiza siku ngapi?"

Issa naye alisema tungoje, tukuandikie kwanza wewe, maana ndiwe mwanamume wa nyumba. Nisamehe, ndugu yangu, sikukungoja. Barua ya Mbeya inachukua wiki mbili, na majibu wiki mbili nyingine. Mawazo yangu yalikuwa yakirudi kwenye ule msuli wa Rashidi, aliomfunikia mama yangu wakati mimi sipo.

Alhamisi Rashidi akaja mwenyewe, kuuliza maziko tumeyapanga lini ili awape watu taarifa. Nilimkaribisha kiti mbele ya Baba Mdogo, nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema, "Rashidi, baba yako yuko hapa Likombe. Tulimchukua sisi."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. Akamtazama Baba Mdogo. Baba Mdogo akainamisha kichwa. Rashidi alisimama, akakaa, akasimama tena. Nilidhani atampiga, na nilikuwa nimeamua sitamzuia. Hakumpiga. Alisema tu, "Mimi nilimkimbia mama yangu njiani. Nikiwa na miaka kumi na miwili alinifuata na muwa wa kunipa, nikamkimbia." Akachukua baiskeli yake akaenda, hata kofia aliisahau kwenye kiti.

Ijumaa baada ya swala walikuja. Alikuwa amempakia mama yake nyuma ya baiskeli, wamepita kwenye tuta kutoka Mikindani. Bi Mwajuma ni mwembamba, kanga zake safi. Nilimwamkia shikamoo, mara ya kwanza maishani mwangu. Akaitikia marahaba kama kwamba tunaamkiana kila siku.

"Nionyesheni alipo," akasema.

Tulikwenda makaburini. Alikaa chini pembeni ya lile kaburi tuliloliita la Mama, akaushika udongo wake muda mrefu bila kulia. Halafu akauliza, "Nani alikuwa akimpalilia?"

Nikasema, "Bibi Hadija, mpaka alipofariki. Kisha mimi."

"Kila mwaka?"

"Kila mwezi, mama."

Akatikisa kichwa. "Basi hakukaa peke yake. Mimi nilikuwa nikimwona kwenye ndoto yuko porini, hana hata jani la kumfunika."

Baba Mdogo alijikongoja na fimbo yake mpaka pale, akataka kupiga magoti. Bi Mwajuma akamkatalia. Maneno aliyomwambia nimeyashika yote: "Abdulrahmani, usinipigie magoti mimi hapa pasipo watu. Mimi sikuitwa mchawi hapa, niliitwa Nambunda. Kesho nenda Nambunda, ukawaambie kwa mdomo wako. Ukimaliza ndipo nitajua nikujibu nini."

Rashidi ndiye aliyempeleka. Jumamosi alfajiri alimpakia mzee nyuma ya baiskeli, akamfungia mto ili miguu isimuume, akaisukuma kwa mikono umbali wote ule. Sisi tulifuata nyuma na sanda na jeneza, na Bi Mwajuma akitembea kwa miguu yake. Pale walipokata kilima nilimwambia apande baiskeli ya Issa. Akasema aliondoka Nambunda kwa miguu na atarudi kwa miguu.

Kijiji kizima kilikuwa tutani kumwinua Mama. Kabla hatujamgusa, Baba Mdogo alisimama, Rashidi amemshika kwapa. Akasema yote. Alisema kosa, alisema mwaka, alisema kwamba alisikia Mwajuma anafukuzwa na yeye akanyamaza. Sauti ilimkatika mara mbili, Rashidi akangoja, akaendelea. Nilimwona yule shangazi mkubwa wa Rashidi, aliyetupa vyungu. Alianza kurudi nyuma taratibu, mpaka akakalia rundo la udongo kama aliyekatwa mishipa. Mzee mmoja akamwambia Bi Mwajuma arudi nyumbani, nyumba itajengwa upya. Akajibu, "Nyumba yangu iko Mikindani." Na Baba Mdogo alipomtazama kungoja jibu lake, alimwambia, "Nimekusikia. Mengine namwachia Mungu, mimi sina nguvu ya kuyabeba." Sijui kama huko ni kusamehe. Baba Mdogo anasema ni zaidi ya alichostahili.

Sheikh alikuwa ameturuhusu, kwa kuwa kaburi limeshafunuka na maji ya karavati yatalifikia. Tukamvika Mama sanda mpya pamoja na mtoto wake, tukamweka kwenye jeneza. Watu wa Nambunda walilipokezana mabegani kwenye tuta, wakisema la ilaha illallah, na kila tulipopita watu walitoka kwenye mikorosho wakaingia chini ya jeneza, wakabeba hatua zao, wakampa mwingine. Mikindani maduka yalifungwa nusu mlango. Watu ambao hawamjui Mama hata jina walishuka hadi njiani.

Tulimzika alasiri, upande wa pili wa Bibi Hadija. Sasa Bibi yuko katikati, binti yake kulia na Saidi kushoto. Tulimwuliza Bi Mwajuma kama anataka kumrudisha mumewe. Alisema ameshahamishwa mara moja, inatosha, na majirani zake ni watu wema.

Nawe huko unakojenga reli mpya, Bwanaheri, naamini mnakutana na makaburi. Nakuomba kama dada yako, ukiona watu wanahimizwa, nenda ukazungumze na wakubwa wako. Siku mbili za kungoja si kitu.

Kuna jambo moja nimeliacha mpaka hapa, kwa sababu nikilifikiria siwezi kuandika mengine. Tulipopumzika Mikindani, jeneza limewekwa kivulini, Bi Mwajuma alinivuta pembeni. Wakati ule Nambunda yeye ndiye aliyekuwa mkunga. Ndiye aliyemzalisha Mama, na ndiye aliyemwosha.

Nilimwuliza, "Kichanga kilikuwa mwanamume?"

Alinishangaa. "Hamkuambiwa? Alikuwa msichana. Hakuzaliwa mfu. Alilia, akanyonya kidogo. Mama yako alimshika, akamwita Fauzia. Walikwenda pamoja alfajiri ile. Nilimwambia baba yenu, akaniomba nisiseme mbele ya watoto mpaka mkue. Nikasema sawa, wakikua. Kisha nikafukuzwa, na nyinyi mkikutana nami mlikuwa mnavuka njia."

Tulikuwa watatu, Bwanaheri. Tulikuwa na mdogo wetu, na ana jina. Nimekuwa nikilitamka peke yangu jikoni tangu siku ile. Hitima yao tutaisoma arobaini ikifika, na nyumbani kwako nawe usome siku hiyo, uwataje wote wawili, mama yetu Tabu na mdogo wetu Fauzia binti Thabiti. Usimsahau na Saidi, tumezoeana naye.

Issa anakusalimu sana. Baba Mdogo anakusalimu, anaogopa kukuandikia, naomba uanze wewe. Rashidi anakusalimu, na Bi Mwajuma, ambaye anakuja kwetu kila Ijumaa, anasema alikubeba mgongoni. Nisalimie wifi, na watoto nibusie mmojammoja.

Mungu akulinde kazini, akuondolee baridi ya kifua, na atukutanishe tukiwa hai.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukukumbuka kila swala,

Mwaisha Thabiti